Uzoefu wangu na Takoboto: "take" moja, Kijapani vitenzi kibao

Nawapeleka wageni Hifadhi ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa boti kutoka Kigoma mjini. Baadhi yao ni Wajapani, maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wanafuatilia sokwe wa kule tangu enzi za Toshisada Nishida, aliyeanza mwaka 1965.

Safari moja ziwa lilichafuka, mzee mmoja akashikwa na kichefuchefu. Nikampa kidonge, nikaandika kwa Kiingereza "take this" kwenye programu ya kutafsiri niliyokuwa nayo. Ikatoa "motte itte kudasai". Mzee akainama kushukuru, akakitia kidonge mfukoni, akaendelea kutapika. Kumbe nilimwambia aondoke nacho. Iliniuma sana.

Ndipo nikapakua Takoboto, kamusi ya Kijapani na Kiingereza. Ni ya bure na haihitaji intaneti, jambo kubwa kwetu tunaoshinda ziwani. Maneno yake yanatokana na kazi aliyoianza Jim Breen kule Australia mwaka 1991.

Ukitafuta "take", ambalo kwa Kiingereza hubeba kunywa dawa, kupanda boti, kupiga picha na hata kupeleka, inakumwagia orodha ndefu. Usiishie kwenye orodha, fungua sentensi za mifano. Dawa ni "kusuri o nomu", na nomu ni kunywa! Sawasawa na sisi, tunakunywa dawa hata ikiwa kidonge. Boti ni "noru", kupanda. Tena sawa na sisi. Kiswahili changu kilikuwa na jibu, mimi nikalipitisha kwenye Kiingereza likapotelea huko.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijagusa simu najiuliza kwa Kiswahili: huyu mtu anafanya nini hasa? Anakunywa? Anapanda? Kisha natafuta "drink" au "ride", siyo "take".

Si kila mahali njia hii inafika. Picha sisi tunapiga, wao wanasema "toru". Na kupeleka kumenisumbua kuliko yote: mzigo ni "motte iku", mtu ni "tsurete iku", wakati sisi tunapeleka vyote, mgeni na begi lake. Hilo nimelikariri tu.

Naipa nyota nne. Ya tano naiweka hadi siku nitakapoweza kuandika "kunywa" moja kwa moja.

Mwezi uliopita mgeni mwingine alichafukwa. Nikamwekea kidonge kiganjani, nikasema "nonde kudasai". Akaomba maji.