Nilirudi Boyztown nikakuta pikipiki zimeegeshwa

Kwa wenye haraka: kama unakwenda Pattaya, Thailand, kwa ajili ya starehe za usiku za mashoga, chukua chumba Jomtien, ufukwe wa jirani. Usichukue Pattaya ya kusini kama nilivyofanya mimi Februari 2025. Vijia vya baa vya huko viwili, Boyztown kumelala, na Sunee Plaza kulishazikwa kitambo. Mliotaka hilo tu mnaweza kuishia hapa.

Waliobaki tukae, maana nina miaka kumi na minne ya kulinganisha na kinyongo kidogo cha kutua.

Mara ya kwanza nilifika Februari 2011. Mimi mtu wa Tanga, naishi Manchester, kazi yangu kulea wazee. Nilialikwa na mzee mmoja wa Kiingereza, dereva wa basi mstaafu, tuliyefahamiana kwenye baa moja ya Canal Street, mtaa wa mashoga wa Manchester. Tangu siku ya kwanza namwita Babu, naye anadhani ni utani. Alikuwa kashahamia Pattaya jumla. Alinipokea, tukapanda songthaew, ile pikapu ya abiria wanaokaa wakitazamana, ambayo aliyeijua Dar ya zamani ataiita chai maharage bila kujiuliza. Nauli baht 10, ukitaka kushuka unabonyeza kengele iliyo darini.

Boyztown si mtaa, ni kijia tu. Ukikitembea bila papara kinakwisha kwa dakika tatu. Lakini usiku ule kilituchukua saa nzima, kwa sababu kila hatua kuna anayekusalimu kwa viganja vilivyokutanishwa na kila baa imepanga viti vyake vikitazama njia, safu nyuma ya safu, kama jukwaa la Mkwakwani siku ya Coastal Union. Waliokaa wanawatazama wapitao, wapitao wanawatazama waliokaa. Mchezo wenyewe ndio huo. Juu taa za rangi, chini mama mmoja anatwanga saladi ya papai mbichi kwenye kinu, ta-ta-ta, na moshi wa mishikaki unaingia hadi kwenye bia.

Niseme habari ya kikombe, maana ndicho ninachokikumbuka kuliko sura za watu. Kila unachoagiza kinaandikwa kwenye kipande cha karatasi, kinasokotwa na kutumbukizwa ndani ya kikombe cha mbao kilicho mbele yako. Kijana wa baa akija kukaa nawe, unamnunulia kinywaji; sehemu ya bei ni ya baa, sehemu ni yake. Karatasi nyingine kikombeni. Ukitaka mtoke pamoja unailipa baa kwanza kwa kumpoteza mfanyakazi wake, kisha mnapatana wenyewe. Saa sita usiku kikombe cha Babu kilikuwa kimefura kama mkebe wa penseli wa mwalimu. Alikitikisa, akanionyesha, akacheka: “Nauli ya Bolton hadi Blackpool hii.”

Sitaki kuipamba. Ilikuwa biashara, na wengi wa wale vijana walikuwa watoto wa wakulima wa mpunga kutoka Isaan, kaskazini-mashariki, wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi. Sunee Plaza, ng'ambo ya Barabara ya Pili, ilikuwa na sifa mbaya zaidi, na kuna kona zake zilizofungwa ambazo sizililii hata chozi moja.

Mimi sikununua mtu. Nilichonunua ni kiti. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na katika maisha yangu yote sikuwahi kukaa nje, barabarani, chini ya taa, nikiwa vile nilivyo huku watu wakipita. Canal Street ipo, ndiyo, lakini Manchester kuna mvua na kuna jamaa zangu wa msikitini. Nyumbani hata hilo neno shoga lina mambo yake: mama yangu alikuwa akiliita kwa mapenzi dirishani, “shoga yangu, unga umebaki?”, na mimi huyohuyo nimelisikia likitemwa kama kokwa. Pale kijiani nilikaa usiku nne mfululizo kwa bia mbili mbili. Hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini, mjue.

Niliporudi 2016 viti vilikuwepo, watu nusu. Nilikaa baa ambayo siitaji. Simu ikalia kifuani: ujumbe kutoka kwenye programu ya kutafutia wapenzi, “Habari, uko karibu sana.” Ilionyesha umbali wa mita tatu. Nikageuka. Alikuwa kijana aliyekaa meza ya nyuma yangu, si mfanyakazi wa pale, ameagiza soda moja na kuinamia kioo cha simu. Hatukuzungumza kwa mdomo hata baada ya kutazamana; alitabasamu akaandika tena. Nikaelewa hesabu. Kwa njia ile yeye hagawani na baa, mimi silipii karatasi ya kikombe, na mwenye baa anabaki na umeme wa kulipa. Grindr, programu ya aina hiyo, ilianza 2009. Miaka saba ilitosha kuifikisha kila mfukoni.

Watu wengi huishia hapo, wakasema simu ndiyo iliyoua. Simu ilisaidia. Ila mimi nawajua wateja wa pale, kwa sababu mmoja wao ni Babu, na Babu hakuwa na programu yoyote. Yeye aliuawa na pauni. Alipostaafu, kabla ya 2008, pauni moja ilikuwa inakaribia baht 70. Nilipomtembelea 2011 ilikuwa kwenye 49. Baada ya kura ya Uingereza kujitoa Ulaya, 2016, ikaporomoka, na mwaka 2019 ikaingia chini ya 40. Juu ya hayo, Mwingereza anayeishi Thailand haongezewi pensheni yake ya serikali. Inabaki pale ilipokuwa siku aliyoanza kuipokea akiwa kule, hata bei zipande vipi. Kisha mambo ya viza. Mstaafu anayetumia njia ya akiba atakiwa kuwa na baht 800,000 benki. Zamani Babu alikuwa anatumia barua ya ubalozi inayothibitisha kipato. Ubalozi wa Uingereza ukaacha kutoa barua hizo ilipoingia 2019. Akapiga hesabu mara tatu kwa kalamu ya risasi, akauza feni na friji, akarudi Bolton. Zidisheni Babu kwa mamia, mtapata safu zile za viti zikipungua kutoka nyuma kwenda mbele.

Korona ilikuja kufunga hesabu tu. Baa zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa, zikafungwa tena, nyingine zikajiita migahawa ili ziuze chochote, na ruhusa ya kufunguka tena kama baa ikaja tarehe 1 Juni 2022. Kodi ya pango haikuwangojea.

Sasa safari hii. Hoteli niliyochukua ilijitangaza kuwa iko “kwenye moyo wa maisha ya mashoga”, na picha zake zilijaa bendera za upinde wa mvua na mabega ya vijana. Siitaji jina, lakini picha zile ni za zamani na wenyewe wanajua. Nilifika saa nane mchana nikapokewa na kikundi cha familia za watalii wakigawana mabegi, watoto wakikimbizana mapokezini. Watu wazuri, nilikula nao kifungua kinywa siku tatu. Wahindi walifunguliwa Thailand bila viza Novemba 2023, Wachina Septemba mwaka huohuo, na mji umewafuata wateja wake: harufu ya mishikaki imekuwa ya bizari na tandoori. Silalamikii hilo, tandoori ni tamu. Nalalamikia kuuziwa mwaka 2011 kwa bei ya 2025. Na kiyoyozi kilidondosha maji kwenye mto wangu usiku wa kwanza, nikapewa taulo.

Usiku ule nilimpigia Babu kwa video nikiwa naingia Boyztown. Bolton ilikuwa mchana, yuko jikoni na chai. Akaniambia, “Niendeshe.” Nikawa nashika simu mbele kama tochi.

“Kushoto?”

Shata la chuma, limeshushwa.

“Kinachofuata?”

Shata. Mbele yake pikipiki zimeegeshwa mpaka katikati ya njia, zimelala kwa ubavu wa kigingi, na juu ya kiti cha moja paka.

“Kulia, penye ngazi.”

Hapo palikuwa na taa. Baa moja, vijana wanne mlangoni wamevaa fulana zinazofanana, wazee wawili ndani. Mmoja wa vijana aliiona sura ya Babu kwenye simu, akampungia mkono kama anamjua. Hakuwa anamjua, umri wake hauruhusu. Babu akampungia pia. Tulimaliza kijia kwa dakika tatu.

Kesho yake nilihamia Jomtien, ambako ningekuwa tangu mwanzo kama ningeuliza. Jomtien Complex ni vijia vilivyopindana kando ya Barabara ya Thappraya, baa ndogondogo zenye makochi yaliyotolewa nje, na hapo ndipo walipokimbilia waliobaki. Kuna uhai. Kuna onyesho la wanaume waliovaa kike, mmoja alicheza kwa kiatu kimoja baada ya kisigino cha pili kukatika na hakupunguza hata hatua. Mchana ufukwe wa Dongtan uko karibu, sehemu ya mashoga utaitambua kwa ukimya na kwa wingi wa vitabu. Kasoro: mvua ikinyesha huna pa kwenda, na wateja karibu wote tuna mvi. Vijana wa Kithai wenye pesa zao wako Bangkok, Silom, kwenye disko wanazolipia wenyewe, hawana haja ya kijia cha kutazamwa na wageni. Ukiwa na miaka ishirini na tano Jomtien utajiona umekuja kwenye kikao cha ukoo.

Mhudumu wa baa niliyoizoea alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, na alikuwa na habari. Sheria ya Thailand ya ndoa za jinsia moja ilianza tarehe 23 Januari 2025, wiki chache kabla sijafika. Nchi ya kwanza Kusini-mashariki mwa Asia. Yeye na mwenzake walikuwa wamekwishajiandikisha ofisi ya wilaya. Alinionyesha cheti kwenye simu, kina mpaka wa maua, majina mawili kwa maandishi yao ya kupindapinda. Nikampa hongera, tukagonganisha glasi. Akaniambia aliwahi kufanya kazi Boyztown, miaka ile ile ya viti vyangu. Nikamuuliza, kwa moyo uliojaa, pale palikuwa na maana gani kwake.

Alifikiri kidogo huku akifuta kaunta. “Kazi,” akasema. Akaenda kuhudumia meza nyingine.

Wenzangu wa nyumbani mnajua kwa nini tathmini hii haina picha. Nyota: Boyztown moja, ya yule kijana aliyepunga mkono. Hoteli sifuri. Jomtien nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya mvua. Basi la kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi linaishia Barabara ya Thappraya, ukiwa na begi dogo unatembea. Kiti nililipia bia moja, baht 110. Nenda baada ya saa tatu usiku. Kabla ya hapo wahudumu bado wanakula.