Ndoa ya mkataba tano kwa tano, kutoelewana sifuri

App ninayosomea katuni za mapenzi za Korea na riwaya nyepesi za Japani ("light novel", hadithi za vijana zenye michoro michache) ina kitu kimoja kinachonizuia kuifuta: kila hadithi imebandikwa lebo. Unagusa "ndoa ya mkataba", zinashuka zote. Maandishi ni ya Kifaransa, Kiswahili hakimo, hilo huku Lubumbashi tumeshalizoea. Katuni unazisoma kwa kuteremsha kidole, zote za rangi, kwa hiyo zinakula mega kuliko riwaya. Mimi napakua kwenye wifi ya kazini, usiku nasoma hata umeme ukikatika.

Ndoa ya mkataba ndiyo ugonjwa wangu. Tajiri anataka mke ili babu amwachie kampuni, msichana ana deni la hospitali, wanatia sahihi, kesho yake wanaishi nyumba moja. Kwetu wasingefika mbali: Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, kifungu cha 361, inataka bwana harusi na familia yake wakubaliane na wazazi wa binti juu ya mahari, na hapo wajomba hawajafungua mdomo. Labda ndiyo maana zinanikamata hivi. Watu wawili wanakaa mezani, hakuna shangazi hata mmoja, wanawekeana masharti wenyewe. Katika moja niliyoimaliza juzi, sharti la mwisho lilikataza kupendana. Sura nyingi baadaye mume anaiomba ile karatasi, anakata mstari mmoja kwa kalamu, anairudisha bila neno. Mke anapitisha kidole juu ya wino, kinachafuka. Busu hakuna. Nikapandisha tena kuuangalia mstari ule.

Lebo nyingine ninayoifuata ni ya mwanamke mbaya aliyezaliwa upya. Mfanyakazi wa ofisi anakufa, anaamka ndani ya riwaya aliyokuwa akiisoma, tena katika mwili wa yule adui ambaye mwishoni anakatwa kichwa. Kwa Wajapani mara nyingi ni mchezo wa video badala ya riwaya. Kinachomuua, mara nyingi, ni lori. (Kwa malori ya shaba yanayopita hapa kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tungekuwa na mabibi wa kasri kila mtaa.) Utamu ni kwamba dada huyu anajua mwisho. Mwana wa mfalme anavunja uchumba mbele ya wageni wote, kumbe mwenzake ameshafunga mizigo tangu asubuhi. Shida, akishampata duki (mtawala) wa kaskazini, yule baridi mwenye makovu, akili yote inamwisha na kazi yake inabaki kuona haya.

Kutoelewana sasa. Msichana anamwona mpenzi wake amemkumbatia mwanamke mwingine, anakimbia kwenye mvua, hapokei simu, sura baada ya sura. Mwishowe, kumbe yule mwanamke alikuwa dada wa mpenzi. Binamu yangu mdogo, anayesoma begani kwangu, aliniuliza, "Yaya (ndivyo huku tunavyomwita mkubwa wetu), si amuulize tu?" Ndoa ya mkataba nayo inachelewesha mapenzi, lakini mle kila mmoja ana cha kupoteza akisema. Huku anayewaziba mdomo ni mwandishi. Na sura za mbele zinalipiwa sarafu, sarafu zinataka kadi ya benki, pesa ya simu haikubaliki, hivyo namwomba mwenzangu wa ofisini anilipie ndipo nisome mvua tu! Lebo ya kutoelewana hawana. Ningeilipia, nijue za kuruka.

Wanaume wa kumbana msichana ukutani au kumvuta mkono nawaruka, hata wakichorwa vizuri namna gani.

App naipa nne. Binamu amesharithi simu yangu ya zamani, na amejichagulia hadithi ya jirani aliyekua na msichana toka chekechea, anayembebea mwavuli, anayekumbuka hapendi vitunguu. Nimemwambia huyo hashindi, huwa hashindi, mgeni aliyehamia shule wiki iliyopita ndiye atakayeoa. Hanisikii. Yuko sura ya arobaini na anamtetea.