Azelaiki 20% kwa mabaka ya usoni: tyubu nzuri, ila inataka jua lizuiwe kwanza

Melasma ni yale mabaka ya kahawia yanayokaa kwenye mashavu yote mawili, paji la uso na juu ya mdomo, bila kuwasha wala kuuma. Kwa mwenye nayo anayezunguka famasi za Moshi au Arusha, tyubu ya kwanza kuulizia ni krimu ya asidi ya azelaiki 20%. Nyota nne kati ya tano. Ya tano inapotea kwa sababu ya mchomo wa wiki za mwanzo na wingi wa tyubu zinazohitajika.

Uzuri wake ni kwamba hulenga zaidi chembe za rangi zilizozidisha kazi, hivyo ngozi yenye afya iliyo pembeni ya baka haipauki. Utafiti mmoja wa mwaka 1991 uliipambanisha na haidrokwinoni 4%, dawa ya kupausha ngozi, kwa wiki 24, kwa wanawake 329, na matokeo yakakaribiana: upande wa azelaiki, takriban asilimia 65 walipata nafuu nzuri. Tena mjamzito anaweza kuitumia akishauriana na daktari, jambo kubwa hilo, maana melasma nyingi huanza na ujauzito au dawa za uzazi wa mpango.

Osha uso kwa sabuni laini isiyo na manukato, ufute, usubiri kama dakika 10. Ngozi yenye majimaji huchomwa zaidi. Kamua krimu ya urefu wa sentimita 2.5, inatosha uso mzima. Wiki mbili za kwanza paka usiku tu, kisha asubuhi na usiku. Kwa kipimo hicho tyubu ya gramu 30 huisha kwa mwezi hivi, na tiba kamili ni kama miezi sita, kwa hiyo piga hesabu ya tyubu sita kabla hujalipia ya kwanza. Wengi huitupa wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi, ilhali kufifia huanza kuonekana karibu na wiki ya nane.

Mchomo mdogo wa dakika chache ni kawaida. Ngozi ikibabuka au kuvimba, pumzika siku kadhaa, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi kila muwasho mkali huacha doa jipya. Ndiyo maana limao, skrabu ya sukari na dodoki viwekwe kando kabisa.

Bila kinga ya jua, tyubu zote sita ni hasara, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Namba ya SPF kwenye losheni ya jua huhesabu miale inayounguza ngozi tu. Melasma ya ngozi nyeusi huchochewa pia na mwanga wa kawaida tunaouona, na losheni zisizo na rangi haziuzuii vya kutosha. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ile inayoifanya losheni iwe na rangi ya udongo. Geuza boksi utafute namba zake: CI 77491, CI 77492 au CI 77499. Nyingi zimechanganywa kwa ajili ya ngozi nyeupe na zitakuacha na uso wa kijivu, basi paka tone kwenye taya, toka nje ya duka, ujitazame mchana kweupe. Kipimo ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Ipake juu ya azelaiki baada ya dakika 15, la sivyo zitajiviringa kama mabaki ya kifutio. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Kwa mama anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni tangu asubuhi, hiyo ni losheni nyingi mno, na kofia pana au mwavuli vitamwokolea fedha. Mawingu ya Juni yasikudanganye, miale hupenya. Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya bahari, inapata miale mikali kuliko Moshi.

Tyubu hii haimfai kila mtu. Aliyetumia mkorogo au krimu za steroidi kama klobetasoli na betamethazoni kwa miezi asiziache ghafla akaruka hapa, maana uso unaweza kulipuka vipele na wekundu. Aanzie kwa daktari. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini bado zinafika mashavuni mwa watu. Na kama mabaka yamekuwa meusi ya kibluu yenye vipele vidogo vigumu baada ya miaka ya kujichubua, hiyo kwa kawaida si melasma, azelaiki haitayaondoa, na haidrokwinoni zaidi itayaongeza. Kwa hali hiyo nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, Moshi, kilipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, na uwabebee tyubu zote ulizowahi kupaka, hata zile zilizoisha.