Muhula mmoja wa usanifu majengo Firenze: uzoefu wangu

Kama unafikiria kwenda kusoma usanifu majengo Firenze, Italia, nakwambia nenda, ila usisahau futi kamba. Mimi nilikaa muhula mmoja, na somo lililonijenga kuliko yote ni la upimaji wa majengo ya kale, ambalo nililichukua tu kwa sababu mengine yalikuwa yamejaa.

Wiki ya pili mwalimu alitupeleka kwenye uwanja wa Santissima Annunziata, mbele ya Ospedale degli Innocenti, makao ya watoto waliotupwa ambayo msanifu majengo Brunelleschi alianza kuyajenga mwaka 1419. Vifaa vya leza alivikataza. Tukagawiwa futi kamba, timazi na penseli. Mimi na mwenzangu tukapima nafasi kati ya nguzo mbili za baraza: karibu mita 5.8. Tukapima kutoka nguzo hadi ukutani: ile ile. Tukadhani tumekosea, tukarudia. Kimo cha nguzo nacho kikaja pale pale! Ndipo mwalimu akatueleza kwamba mafundi wa enzi zile walipima kwa dhiraa ya Firenze, takriban sentimita 58, na hapo vipimo vyote vitatu ni dhiraa 10. Jengo lile nilikuwa nimeliona kwenye slaidi mara nyingi, lakini siku ile, nikiwa nimekaa ngazini na kiganja kimejaa vumbi la jiwe la kijivu, ndipo nililiona. Nilichora ukurasa mzima upya.

Baadaye tulipanda kuba la kanisa kuu, ngazi 463, kwenye njia nyembamba kati ya maganda mawili ya kuba lenyewe. Kadiri unavyopanda ndivyo ukuta unavyokulalia begani. Angalia matofali vizuri: kati ya yaliyolazwa kuna yaliyosimamishwa, yanapanda kwa kuzunguka kama mfupa wa samaki. Hayo yaliyosimama ndiyo yaliyozuia mengine yasiteleze kabla chokaa haijashika, na ndiyo maana kuba lilijengwa kati ya 1420 na 1436 bila jukwaa la mbao la kulibeba kutoka chini. Mihadhara ya miundo ilikuwa haijawahi kuniingia kichwani hivyo.

Studio, yaani somo la kubuni majengo, ilikuwa ya kawaida, saa nyingi kwenye kompyuta.

Lililoniumiza ni ofisi ya wanafunzi ya chuo. Mgeni anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi tangu afike, na fomu zinapelekwa posta. Sisi tuliambiwa siku ya sita. Nilikosa vipindi viwili nikiwa kwenye foleni, na wenzangu wengine walilia kwa hofu. Usiwasubiri, ulizia fomu siku ile ile unayotua.

Na ukilipata somo la upimaji, omba kundi la asubuhi. Mchana baraza hujaa watu, futi kamba haipiti.