Kiti cha pointi cha haraka kwenda Dar: anza na kipande cha pili cha safari

Februari nilipigiwa simu saa tisa usiku: shangazi amefariki Tanga, mazishi kesho kutwa. Nilikuwa na maili 70,000, yaani pointi ambazo shirika la ndege humpa abiria wake, za miaka minne. London hadi kituo kikuu cha shirika hilo, kiti cha pointi kipo. Kutoka hapo kwenda Dar, hakuna. Nikalipa pauni 940 taslimu, nikafika wameshazika.

Tangu siku hiyo siulizi habari za chakula wala nafasi ya miguu. Nauliza kipande cha mwisho. Ndege za kutoka London ni nyingi. Za kuingia Dar, kwa shirika moja, mara nyingi ni moja au mbili kwa siku, na viti vya pointi humo ni vya kuhesabu. Fanya jaribio leo, kabla hujafikwa na shida: weka tarehe ya kesho kutwa, tafuta vipande viwili mbalimbali, utaona kinakokwama.

Mimi nasimama na Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM. Tangu 2018 karibu kila kiti kilichobaki kwenye ndege zao wenyewe hununulika kwa maili, ingawa bei hupanda na kushuka. Siku mbili kabla, huenda ukatoa maili maradufu. Toa. KLM inakufikisha Dar yenyewe kutoka Amsterdam, hungoji hisani ya shirika jingine, na watoto wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa robo ya maili.

Inafuata Skywards ya Emirates. Viti vya Saver, vya maili chache, vikiisha, tazama Flex, vya maili nyingi zaidi, au changanya maili na pesa upunguze nauli ya kawaida.

Avios, pointi za British Airways, naiweka ya tatu. Shirika hilo huahidi viti kadhaa vya pointi kwa kila ndege, lakini huviachia siku 355 kabla. Wenye likizo huviwahi. Tena ndege zake zenyewe upande huu zinaishia Nairobi.

ShebaMiles na Asante Rewards ni za anayepanda Ethiopian au Kenya Airways kila mara.

Kinachoniuma ni ada zinazoongezwa juu ya pointi. Unatoa pointi zako zote, kisha unadaiwa mamia ya pauni kwa kiti kinachotangazwa kuwa zawadi! Hapo ndipo wanapoingia mawakala wa WhatsApp wanaouza maili za watu wengine. Mashirika yanakataza biashara hiyo, yakigundua hufuta tiketi. Abiria anabaki kaunta na masanduku yake, wakala hapokei simu.