Nimetoa damu shuleni Kariobangi: mikono mizuri, meza ya maswali irekebishwe

Nafuma sweta za shule hapa Kariobangi South, kwa hivyo walimu wengi wa mtaa huu nawajua. Mwalimu mkuu wa shule moja ya jamii aliponitumia ujumbe kwamba watu wa damu watakuja Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, nilijua siku yangu imefika. Nilikuwa na deni. Mwaka 2019 dada yangu alivuja damu vibaya baada ya kujifungua, akaongezewa painti tatu usiku mmoja. Kesho yake sisi wa nyumbani tukaambiwa tutafute watu wa kurudisha. Nilipanda mizani nikapatikana na kilo 48. Chini ya kilo 50 huchukuliwi. Nilirudi nyumbani nikilia, na damu ya dada yangu ikarudishwa na wanaume wawili wa stejini na jirani mmoja ambao hadi leo nikikutana nao nawasalimu kwa mikono miwili.

Safari hii mizani ilisema 54.

Walitumia darasa la tano. Madawati yalisukumwa ukutani, hesabu za sehemu bado ziko ubaoni, vitanda vinne vya kukunja vimepangwa chini ya madirisha. Wanaochukua damu walikuwa wawili tu, ndiyo maana niliyefika saa mbili u nusu nilitoka saa sita. Ukienda, kunywa chai na ule vizuri kwanza, kisha beba maji.

Kabla ya kitanda unadungwa kidole. Tone moja la damu linadondoshwa kwenye gilasi yenye maji ya buluu, ya mrututu. Damu yenye nguvu ya kutosha huzama. Langu lilisimama kidogo pale juu, likajikunja kama shanga, kisha likashuka moja kwa moja hadi chini. Nilikuwa nimeshika pumzi. Maana yake ni kwamba himoglobini imefika 12.5, kiwango wanachotaka.

Jirani yangu anayeuza samaki alikuwa nyuma yangu. Tone lake lilielea. Akaambiwa, "Mama, rudi siku nyingine," basi, anayefuata aje. Alitoka macho chini, na watu wa foleni wakamsindikiza kwa macho. Mtaani kwetu mtu akikataliwa damu, jambo la kwanza linalofikiriwa ni ugonjwa ule. Jioni nilienda kwake nikamkuta hata jiko hajawasha. Nikamweleza kwamba ni damu imepungua tu, jambo linalowapata wanawake wengi, na kwamba managu, terere, ndengu na omena zinasaidia, chungwa baada ya chakula pia, lakini chai isubiri maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Pia aende zahanati wampime vizuri. Maneno hayo yangechukua dakika mbili pale darasani. Nawaomba wahudumu, anayerudishwa nyumbani apewe dakika hizo mbili, kando, kwa sauti ya chini.

Na meza ya maswali ndiyo iliyoniuma zaidi. Iliwekwa mbele ya darasa, hatua mbili kutoka kwenye foleni. Nilimsikia kijana wa watu akiulizwa kuhusu wapenzi wake, na mama yake mzazi amesimama karibu yangu. Alijibu "hapana" kwa kila kitu, haraka haraka. Huenda ni kweli. Lakini jibu hilo lina kazi kubwa. Damu yote hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, ila aliyeambukizwa majuzi anaweza kupimwa na kisionekane kitu. Hapo kinachomlinda mgonjwa ni ukweli wa anayetoa. Darasa la nne lilikuwa tupu, mlango wazi. Meza ingehamishiwa huko.

Kitandani sina lalamiko hata moja. Daktari wangu alikuwa msichana mdogo, pengine umri wa kitinda mimba wetu. Aliona nyuzi za rangi ya maruni kwenye blauzi yangu.

"Mama, unafuma?"

"Ndiyo, daktari. Za shule."

"Basi nitazame mimi, uniambie sweta moja inachukua siku ngapi."

Sijamaliza kumweleza mikono na shingo, sindano ilishaingia. Alinipa bendeji iliyokunjwa niiminye, na mfuko ukalala kwenye kimizani kinachobembea taratibu ili damu isigande. Mililita 450 zilijaa kwa dakika nane. Alipoufunga alinikubalia niuguse. Ulikuwa na joto kama chupa ya maziwa ya mtoto. Nikanyamaza, nikamfikiria dada yangu.

Nilimuuliza kwa nini wamekuja wakati wa likizo. Akasema wanafunzi wa sekondari ndio wachangiaji wakubwa, kwa kuwa kuanzia miaka 16 mtu anaruhusiwa, hivyo shule zikifungwa damu hupungua. Na haiwekeki muda mrefu: chembe nyekundu kama siku 35, zile za kugandisha damu siku 5 tu.

Baadaye kuna soda na biskuti, na ukae hapo robo saa kweli. Kijana mmoja aliinuka mbio akashikwa na kizunguzungu, wakamlaza miguu juu mpaka akapata nafuu.

Wanaume wanaweza kurudi baada ya miezi mitatu, sisi wanawake minne. Kwangu hiyo ni Disemba, likizo tena. Jirani yangu wa samaki ameshaniambia tutaenda wote, na mwalimu mkuu nimemwomba ile meza ikae darasa la nne. Amekubali. Pazia la mlangoni nitashona mimi.