Uzoefu wangu: Postman's Park, bustani ya London iliyokuwa makaburi

Nusu saa inatosha kuitembelea Postman's Park. Mtu anayependa kusoma ajipe dakika arobaini na tano. Ila ukienda saa ya lanchi utatoka ukisema ni mahali pa kulia mkate tu, na hutakuwa umeiona. Mnaopitia London kutoka Nairobi huwa mnaulizia pa kwenda karibu na kanisa kuu la St Paul's pasipo na kiingilio wala foleni. Jibu langu ni hapa. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyokosekana nitaieleza.

Kwanza futa picha ya bustani kubwa kama Uhuru Park ya Nairobi. Hiki ni kipande cha ardhi kilichobanwa na majumba ya ofisi, unakivuka kwa dakika chache. Kutoka Heathrow, panda treni ya Elizabeth line moja kwa moja hadi Farringdon, utokee mlango wa upande wa Barbican, kisha ushuke kusini kwa Aldersgate Street. Ukipanda treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly, badilisha Holborn uingie ya Central, na kituo cha pili ni St Paul's. Hapo umebakiza mwendo wa dakika tano hivi kuelekea kaskazini. Kuna lango kando ya kanisa la St Botolph's na lingine King Edward Street. Hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa moja jioni, au mapema zaidi giza likiingia. Neno hilo la mwisho lichukulie kwa uzito: mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na sisi tuliozoea giza la saa moja mwaka mzima ndio tunaokuta lango limefungwa.

Ukiingia, angalia miguuni. Bustani iko juu kuliko barabara zinazoizunguka, na si kwamba palikuwa na kilima. Nafasi ya kuzika ilipokwisha, maiti walilazwa juu ya ardhi na kufunikwa udongo, mmoja baada ya mwingine, hadi ardhi ikainuka. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliwafanya wakubwa wa jiji wakubali kwamba mambo hayo hayawezi kuendelea, na sheria za miaka ya mwanzo ya 1850 zikafunga makaburi ya katikati ya London. Uwanja wa makaburi wa St Botolph's ulifunguliwa kuwa bustani mwaka 1880, na baadaye ukaunganishwa na makaburi ya makanisa ya jirani, Christ Church Greyfriars na St Leonard Foster Lane. Mawe ya makaburi yaling'olewa na kupangwa ukutani, na waliozikwa wakabaki chini. Kwa hiyo usitafute kaburi kwa kufuata jiwe, maana mengi hayapo mahali pa wenyewe. Jina la bustani linatokana na wafanyakazi wa makao makuu ya posta, yaliyokuwa hapo karibu, waliokuja kupumzika hapa.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 sehemu ya ardhi hii ilikaribia kwenda kwa wajenzi, ikabidi pesa zichangwe ili inunuliwe. Anayejua jinsi bustani ya Jeevanjee ya Nairobi ilivyoponea chupuchupu isijengwe mwaka 1991 hahitaji kuelezwa zaidi.

Kilichonifanya niipe nyota nne ni ukuta mmoja. Mchoraji George Frederic Watts alikuwa ameandikia gazeti la The Times mwaka 1887 akitaka watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine wajengewe kumbukumbu. Hakusikilizwa. Baadaye akakaribishwa kuijenga hapa, na tarehe 30 Julai 1900 likafunguliwa baraza refu la mbao lenye vibao vya vigae ukutani. Vilianza vinne tu. Nafasi ziliwekwa 120, na hadi leo vipo 54. Utaona mwenyewe jinsi ukuta ulivyobaki wazi.

Vibao 24 vya mwanzo vilitoka kwa mfinyanzi William De Morgan. Alipoacha ufinyanzi, kazi ikahamia kampuni ya ufinyanzi ya Royal Doulton, ambao mwaka 1908 walitia vingine 24. Simama ulinganishe mkono wa mmoja na wa mwingine kabla hujasoma majina. Wengi huikosa raha hiyo. Halafu soma polepole. Alice Ayres aliokoa watoto watatu kwenye nyumba iliyowaka moto Union Street mwaka 1885, yeye akafa. Thomas Griffin, kibarua wa mafundi, aliungua mwaka 1899 boila ilipolipuka katika kiwanda cha sukari cha Battersea, kwa sababu alirudi ndani kumtafuta mwenzake. Solomon Galaman alikuwa na miaka 11. Alimwokoa mdogo wake asigongwe barabarani mwaka 1901. Kibao cha mwisho, cha Leigh Pitt aliyefariki 2007 akimwokoa mtoto majini, kiliwekwa 2009 baada ya miaka 78 bila nyongeza yoyote.

Wageni wengi hudhani hawa ndio waliozikwa hapa. Sivyo. Vibao ni kumbukumbu, na makaburi ni ya waumini wa parokia. Kwetu City Park, Nairobi, ukisimama kwenye makaburi ya wanasiasa Pio Gama Pinto na Joseph Murumbi, jina na aliyelala viko pamoja, hapa vimeachana.

Sasa nyota iliyokosekana. Mabenchi yamewekwa chini ya vibao vyenyewe. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana hujaa watu wa ofisi, na kusoma kibao ni kuinama juu ya kichwa cha mtu na chakula chake. Nenda saa nne asubuhi au baada ya saa tisa. Safu ya juu iko mbali na macho, hivyo tumia simu kuvuta picha karibu. Zima flashi, kwa sababu vigae vimepakwa rangi ya kung'aa na mwanga hurudi wote kwenye lenzi. Sikuona choo, kwa hiyo malizana na hilo kabla. Wenye watoto wadogo wawapeleke kwenye kidimbwi cha samaki, maana ukuta mzima ni vifo vya moto, maji na treni. Ukipata tiketi ya Mei, tafuta mti uitwao Davidia, wenye maua meupe yanayoning'inia.

Ukikuta mabenchi yamejaa, toka kwa lango la King Edward Street, pinda kushoto, tembea hadi kona ya Newgate Street. Hapo pana mabaki ya Christ Church Greyfriars, kanisa lililochorwa na Christopher Wren na kuchomwa kwa mabomu usiku wa tarehe 29 Desemba 1940. Ndani ilipandwa bustani ya mawaridi kufuata mistari ya viti vya waumini, na fremu za mbao zikasimamishwa zilipokuwa nguzo. Mvua ikinyesha hapo hakuna pa kujikinga. Rudi chini ya baraza la Watts.